Uzi: Meli 15 za makontena zinachafua kuliko magari yote duniani? Nimekaa chini ya dohani miaka 11, njooni tuhesabu

Fundi wa Ngama (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna ile picha ya meli kubwa ya makontena ambayo kila baada ya miezi michache inafufuliwa mitandaoni. Chini yake maandishi: meli 15 kama hii zinachafua kuliko magari yote duniani. Juzi imenifikia tena, na safari hii aliyenitumia ni mwanangu wa kuzaa, kaandika, "Baba, hii ndiyo kazi uliyokuwa unafanya?"

Nikasema sawa, leo nakaa chini naandika. Nimefanya kazi chumba cha injini miaka 11. Nilianza kama mpaka mafuta wa mashine, nikaishia fundi wa tatu. Sasa niko nchi kavu, sina bosi wa kumtetea wala wa kumlipizia kisasi.

Tuanze na ukubwa wenyewe. Meli ya MSC Irina, iliyoingia kazini 2023, ina urefu wa mita 399.9 na upana wa mita 61.3. Ukihesabu kwa kipimo cha kontena la futi 20, inabeba 24,346. Yapange hayo barabarani kichwa kwa mkia, foleni inakaribia kilomita 150. Na mabaharia wanaoiendesha wanaenea kwenye basi moja la kawaida, viti vinabaki.

Injini sasa. Mfano ninaoupenda ni Emma Mærsk ya 2006, kwa sababu ile ilikuwa zama za mbio. Injini moja ya silinda 14, uzito wake tani 2,300, nguvu kilowati 80,000, na inapokazwa kabisa inazunguka mara 102 tu kwa dakika. Gari lako likiwa limesimama tu linanguruma mara 700 au 800. Hakuna gia. Shafti inatoka kwenye injini inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye rafadha, lile panga linalosukuma meli. Karibu nusu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta inageuka kuwa mwendo, jambo ambalo injini ya petroli ya gari haijawahi kuliota.

Kwa hiyo mashine haina kosa. Balaa ni chakula chake. Kiwanda kikishatoa petroli, mafuta ya ndege, mafuta ya taa na dizeli, kinachobaki chini kabisa ndicho tulichokuwa tunaletewa sisi: mafuta mazito. Yakipoa yanakuwa kama lami. Tunayapasha moto kwenye tangi, tunayapitisha kwenye mashine inayoyazungusha kwa kasi ili maji na mchanga vijitenge, kisha tunayapasha tena hadi kupita nyuzi 120 ndipo yanakubali kupita kwenye nozeli. Ule uchafu unaobaki tunauita slaji. Ukiingia chini ya kucha unakaa hadi likizo.

Haya, "meli 15". Hiyo hesabu ilianza kusambaa 2009, na haikuwa hesabu ya hewa ukaa. Ilikuwa hesabu ya salfa. Wakati ule sheria za kimataifa ziliruhusu mafuta ya meli kuwa na salfa hadi asilimia 4.5. Petroli na dizeli ya magari ya Ulaya ilikuwa imebanwa hadi sehemu 10 kwa milioni. Piga mwenyewe: sehemu 45,000 dhidi ya 10. Kwa mashindano ya salfa, gari halina hata haki ya kuingia uwanjani. Ni kama kusema jikoni moja kuna chumvi kuliko maghala yote ya sukari. Kweli, lakini umethibitisha nini?

Kwenye hewa ukaa mambo yanageuka. Utafiti wa nne wa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa majini, ulipiga hesabu ya mwaka 2018: meli zote duniani, za mafuta, za nafaka, za makontena, za uvuvi, zilitoa tani milioni 1,076 za gesi zinazopasha dunia joto. Kwa hewa ukaa pekee, ni asilimia 2.89 ya yote inayotokana na shughuli za binadamu. Magari madogo peke yake yanatoa zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Kwa hiyo ile picha inasema uongo kwa kutumia namba ya kweli. Naomba kuwasilisha sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili inategemea mtaniuliza nini.

Tanga Moja

Nimeweka kambi hapa. Endelea kutema madini mkuu.

Binti Dira

Kaka Fundi, nashukuru, ila nina swali. Kama salfa ilikuwa asilimia 4.5 wakati huo, leo je? Maana umesema "wakati ule".

Fundi wa Ngama

Dada Dira umeuliza penyewe. Mwaka 2012 ilishushwa hadi asilimia 3.5. Tarehe 1 Januari 2020 ikakatwa hadi asilimia 0.5 kwa bahari zote. Na kuna maeneo maalumu, kama Bahari ya Baltiki, Bahari ya Kaskazini na pwani za Amerika Kaskazini, ambako tangu 2015 mwisho ni asilimia 0.1. Mediterania nayo imeingia kwenye kundi hilo Mei 2025.

Kwa hiyo hata kwenye salfa yenyewe ile picha ya 2009 imeshachacha.

Niongeze kidogo maana hapa nina kovu. Meli ikikaribia eneo la asilimia 0.1 lazima ubadilishe mafuta: unatoka kwenye mazito yenye moto wa nyuzi 120 na kitu, unaingia kwenye mepesi ambayo hayatakiwi kupashwa. Ukikimbilia, vyuma vinasinyaa kwa ghafla na pampu inakwama. Kanuni ni kushusha joto taratibu, lisizidi nyuzi 2 kwa dakika. Usiku mmoja zamu yangu tulichelewa kuanza, mkuu wa mafundi akasema tukaze kidogo ili tuwahi mstari. Pampu mbili zikakwama, injini ikazima, na meli ya mita 300 na ushee ikawa inaelea kama gogo mbele ya njia yenye msongamano. Dakika 40. Nilizeeka pale.

Kauleni

Sawa mleta uzi, lakini mimi naona unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hao wenye meli wana wimbo wao: "kwa kila tani kwa kila kilomita sisi ndio wasafi kuliko wote." Anga haijui habari ya "kwa kila tani". Anga inapokea jumla. Tani bilioni moja ni tani bilioni moja.

Hesabu Haidanganyi

Kauleni, hiyo "kwa kila tani" usiitupe haraka. Kontena kwenye meli kubwa linatoa gramu chache tu za hewa ukaa kwa kubeba tani moja kilomita moja, tuseme kati ya 5 na 15 kutegemea meli na mwendo. Lori linapita 50 kirahisi na mara nyingi linagusa 100. Ndege ya mizigo inaanzia 500. Mzigo uleule ukiutoa majini ukauweka angani umezidisha moshi mara hamsini.

Kauleni

Nani amesema tuuweke angani? Wewe unalinganisha meli na ndege. Mimi nalinganisha kubeba na kutobeba. Hizi meli zimefanya usafirishaji uwe rahisi kiasi kwamba samaki anavuliwa bahari hii, anapelekwa kukatwa minofu bara jingine, anarudishwa kuliwa pale alipovuliwa. Meli ndiyo imeuzaa mzigo, halafu inajisifu inaubeba kwa usafi.

Fundi wa Ngama

Kauleni nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Na nikuongezee silaha: hizo gramu chache ni za meli iliyojaa. Mizigo haiendi na kurudi sawasawa. Kwenye njia ya kutoka Asia Mashariki makontena yanajaa hadi juu, kurudi sehemu kubwa ni mabati matupu. Nimesafiri na maelfu ya makontena yenye hewa ndani yake. Injini haijui kama kontena lina runinga au lina mbu, inachoma tu.

Ila kwenye "anga inapokea jumla" tusiishie kulaani. Jumla inashuka kwa njia mbili: ubebe kidogo, au uchome kidogo kwa kila unachobeba. Hiyo ya kwanza ni ya wanunuzi na serikali. Hiyo ya pili ndiyo naijua, na siri yake kubwa wala si teknolojia. Ni mwendo.

Nguvu inayotakiwa kusukuma meli haipandi sawasawa na mwendo, inapanda karibu kwa mwendo kuzidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukitaka mwendo mara mbili, unahitaji nguvu mara nane. Geuza upande wa pili: punguza mwendo asilimia 10 tu, nguvu inashuka asilimia 27. Safari itachukua saa nyingi zaidi, kweli, lakini ukishajumlisha bado mafuta ya safari nzima yamepungua kama asilimia 19. Hujanunua kitu chochote. Umevuta tu nyuma mkono wa gavana, kile kidhibiti mwendo cha injini.

Emma iliundwa kukimbia maili 25 za bahari kwa saa. Kwa ile injini, ikikazwa yote, ni zaidi ya tani 300 za mafuta kwa siku. Kila tani ya mafuta mazito ikiungua inatoa tani 3.1 za hewa ukaa, kwa sababu kaboni inajishikiza oksijeni ya hewani ndiyo maana moshi unakuwa mzito kuliko mafuta yenyewe. Kwa hiyo siku moja, tani 900 na zaidi.

Halafu ikaja 2008, uchumi wa dunia ukaanguka, mizigo ikakauka, mafuta yakawa ghali. Wenye meli wakagundua kile ambacho nahodha wa jahazi anakijua tangu utotoni: si lazima kukimbia. Wakaanza kwenda polepole. Ilipofika 2013 kampuni ya Mærsk wakatoa daraja jipya la meli za zaidi ya makontena 18,000, kubwa kuliko Emma, lakini injini zake mbili zikijumlishwa zina nguvu ndogo kuliko ile moja ya Emma. Meli imekua, moyo umepungua. Nikiulizwa ni kitu gani kimeokoa hewa zaidi kuliko vyote kwenye fani hii, nitasema ni ubahili.

Tanga Moja

"Kontena lina runinga au lina mbu" 😂😂 nimecheka peke yangu ofisini.

Mzee Tweka

Vijana, mimi nimewasoma tu. Fundi, hilo la kupunguza mwendo ni sawa lakini likiwa kwenye njia fupi. Tangu mwisho wa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, kampuni nyingi ziliacha Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kutoka Asia kwenda Ulaya Kaskazini hiyo ni nyongeza ya maili kama 3,500 za bahari, na siku 10 au zaidi. Na ratiba ikibana, wanakanyaga tena mafuta ili kufidia siku. Akiba yote ya miaka kumi inaliwa na vita vya watu wengine.

Fundi wa Ngama

Shikamoo mzee. Sina la kuongeza hapo.

Binti Dira

Kaka, kuna rafiki yangu anasema meli nyingi bado zinatumia mafuta yaleyale mazito, wamefunga tu mtambo wa kuosha moshi. Ni kweli au ananidanganya?

Fundi wa Ngama

Hajakudanganya. Sheria ya 2020 iliweka kikomo cha salfa kwenye mafuta, lakini ikaacha mlango. Iliruhusu mtambo mbadala, mradi salfa inayotoka juu isizidi ile ya mafuta yanayokubalika. Hapo ndipo fundi wa sheria na fundi wa vyuma walipokutana.

Mtambo unaitwa skraba. Ni mnara umeungwa ndani ya dohani, moshi unapanda, maji ya bahari yananyunyizwa kutoka juu. Maji yanaishika salfa. Moshi unatoka mweupe, msafi, mpiga picha anafurahi. Sasa jiulize yale maji yameenda wapi.

Kwenye skraba ya wazi, ambayo ndiyo iliyofungwa kwenye meli nyingi kwa sababu ni rahisi, yale maji yanarudi baharini. Yana tindikali, yana metali kama vanadi na nikeli, yana masizi na masalia ya mafuta. Meli kubwa inapitisha mamia ya tani za maji hayo kwa saa. Tumeruka majivu tumekanyaga moto. Salfa ambayo ingetawanyika hewani sasa inashuka maji ya kina kifupi, mara nyingi palepale karibu na bandari ambako samaki wanazaliana.

Singapore ilikataza kumwaga maji ya skraba za wazi bandarini kwake kuanzia siku ileile sheria ilipoanza, Januari 2020. Denmark na Sweden zimefuata kwenye maji yao Julai 2025. Lakini bahari kuu hakuna anayekuzuia.

Mimi nimeendesha skraba miaka miwili ya mwisho. Kuna kipima tindikali kwenye bomba la kutolea maji, na kinaweka kumbukumbu. Kila mara kikionesha vibaya jibu la kwanza lilikuwa "kipimo kimeharibika". Sisemi kampuni gani, na sisemi kilikuwa hakijaharibika kweli. Nasema tu hakijawahi kuharibika kwa upande wa kutuonesha wasafi.

Kusi na Kaskazi

Mkuu nisikilize na mimi nikutie mchanga kidogo kwenye hilo la salfa. Salfa ikitoka dohani inatengeneza chembe ndogo angani, na chembe hizo zinafanya mawingu ya chini juu ya bahari yawe meupe zaidi. Mawingu meupe yanarudisha jua juu. Kwenye picha za satelaiti yalikuwa yanaonekana kabisa, mistari myeupe inafuata njia za meli kama mkia wa konokono. Baada ya Januari 2020 mistari ile imepungua sana. Maana yake tumeondoa sumu, na palepale tumeondoa mwavuli.

Kauleni

Kwa hiyo unataka turudishe salfa??

Kusi na Kaskazi

Sijasema hivyo. Salfa inaua watu kwa mapafu na moyo, hasa wanaoishi karibu na bandari na njia za meli. Nasema tu kwamba joto lililokuwa limefichwa limejitokeza. Wanasayansi wanakubaliana kwamba limeongezeka, wanagombania ni kwa kiasi gani. Nimeona watu wanalitumia hilo kudai sheria ya 2020 ilikuwa kosa. Ni sawa na mtu aliyekuwa anakunywa dawa ya maumivu, ameacha, sasa anailaumu kuacha dawa kwamba ndiyo imemvunja mguu.

Fundi wa Ngama

Kusi, hili nilikuwa nalisikia juujuu tu. Ahsante.

Mzee Tweka

Wote mnatazama juu, kwenye dohani. Mimi nilikuwa upande wa sitaha, nitawaambia ya chini.

Kuna farumi. Zamani ilikuwa mawe na mchanga wa kuizuia meli isipinduke ikiwa tupu. Siku hizi farumi ni maji. Meli inavuta maji bandari hii ili itulie, inavuka bahari, inakuja kuyamwaga bandari nyingine inapopakia. Ndani ya maji hayo kuna mayai, vijidudu, vifaranga vya kome. Kome pundamilia aliingia Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini miaka ya 1980 kwa njia hiyo, akaziba mabomba ya mitambo ya maji na ya umeme. Miaka hiyohiyo kuna mdudu laini wa baharini, mfano wa kiwavuwavu, alitoka pwani za Amerika akafikishwa Bahari Nyeusi. Alikula mayai na chakula cha dagaa wa kule mpaka uvuvi ukaporomoka. Mkataba wa kusafisha maji ya farumi ulipitishwa 2004, ukaanza kazi Septemba 2017, na meli zikapewa muda wa kufunga mitambo hadi Septemba 2024. Hesabuni: tangu kome yule aanze kuziba mabomba hadi meli zote kutakiwa kuwa na dawa yake, ni karibu miaka arobaini.

Na kuna rangi. Chini ya meli panaota majani na chaza, meli inakuwa nzito kusukuma, mafuta yanapanda. Enzi zetu tulipaka rangi yenye sumu ya bati. Kazi ilifanya, hakuna kiumbe kilichokaribia. Baadaye ikagundulika konokono majike kwenye bandari wanaota viungo vya kiume kwa sababu ya ile sumu, hawawezi kuzaa. Ikapigwa marufuku duniani kote 2008. Nilikuwa naipaka kwa brashi, mikono mitupu.

Tanga Moja

Mzee pole. Hiyo ya konokono imenimaliza.

Binti Dira

Na makontena yanayoanguka baharini? Nilisikia kuna meli iliyotapakaza plastiki ufuoni.

Mzee Tweka

Hiyo ni X-Press Pearl, Mei 2021, nje ya Colombo, Sri Lanka. Wala haikuwa meli kubwa, mita 186, na ilikuwa mpya kabisa, haijamaliza miezi minne kazini. Ilikuwa na makontena 1,486. Mojawapo lilikuwa linavuja asidi ya nitriki, na kabla ya Colombo bandari mbili zilikuwa hazikukubali kulishusha. Ikashika moto, ikaungua siku na siku, mwishowe ikazama. Ndani yake kulikuwa na punje za plastiki, zile ndogo kama dengu ambazo viwanda huyeyusha kutengenezea ndoo na chupa, karibu tani 1,680. Zilifunika ufuo kama mvua ya mawe, nyingine zimeungua, nyingine zimeganda na kemikali. Wavuvi wakazuiwa kuvua. Kobe wakaanza kuletwa na maji wakiwa wamekufa.

Kuanguka kwa kawaida, kwa mawimbi, kunatofautiana mwaka hadi mwaka. Umoja wa wenye meli za makontena ulihesabu 221 mwaka 2023 na 576 mwaka 2024, kati ya makontena milioni 250 hivi yanayosafirishwa kwa mwaka. Ni kidogo. Lakini ONE Apus, usiku mmoja wa Novemba 2020 Pasifiki, ilipoteza zaidi ya 1,800 peke yake. Kwa hiyo wastani unategemea dhoruba iliyokupata.

Kusi na Kaskazi

Tusisahau nyangumi. Hawa wanagongwa na hakuna anayesikia kitu, meli ya tani laki mbili haitikisiki. Kusini mwa Sri Lanka nyangumi wa buluu wanakula palepale kwenye njia kuu. Mwaka 2022 kampuni ya meli ya MSC waliamua kusogeza meli zao zipite kusini zaidi. Na zile kelele za rafadha zinafika mbali mno chini ya maji. Baada ya Septemba 11, 2001, meli zilipopungua ghafla kwenye Ghuba ya Fundy, Kanada, homoni za msongo kwenye vinyesi vya nyangumi zilishuka. Kuna watu kazi yao ni kukusanya vinyesi vya nyangumi, tusilalamikie zetu.

Kauleni

Basi tuulize suluhisho. Kwa nini wasiweke betri kama magari?

Hesabu Haidanganyi

Hii niachieni mimi.

Chukua meli inayokwenda taratibu, inakula tani 100 kwa siku. Kilo moja ya mafuta mazito ina kama kilowati-saa 11. Tani 100 ni milioni 1.1. Injini inatumia nusu, kwa hiyo rafadha inapata kama 550,000 kwa siku. Betri ya lithiamu pamoja na fremu na vifaa vyake, tuipe kilowati-saa 0.15 kwa kilo. Ni kama tani 3,700 za betri kwa siku moja. Safari ya siku 30 bila kuchaji, tani 111,000. Meli kubwa kuliko zote uzito wote inaoweza kubeba ni kama tani 240,000. Karibu nusu ya meli ni betri, na bado hujaulizia bandari itakayokuchaji.

Meli ya betri ipo, Yara Birkeland ya Norway, makontena 120, safari fupi za pwani. Kwa kazi ile inafaa kabisa. Kuvuka bahari kuu ni habari nyingine.

Fundi wa Ngama

Nimalizie alipoishia Hesabu, maana kwenye mafuta mapya kuna maneno mengi ya matangazo.

Gesi asilia iliyopozwa hadi kuwa kimiminika: CMA CGM Jacques Saadé, ya 2020, makontena 23,000, ndiyo ya kwanza ya ukubwa ule. Salfa karibu hakuna, masizi karibu hakuna, na hewa ukaa kwenye dohani inashuka kama asilimia 20. Tatizo ni gesi inayopita kwenye silinda bila kuungua. Hiyo ni methani, na kwa muda wa miaka 20 inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa. Kwa baadhi ya aina za injini, ile asilimia 20 inaweza kuliwa yote na mvujo.

Methanoli: Laura Mærsk 2023, kameli kadogo ka makontena 2,100, kisha Ane Mærsk 2024, makontena 16,000. Hii naipenda, inakaa kwenye tangi la kawaida. Lakini nguvu yake kwa kilo ni nusu ya mafuta, kwa hiyo matangi zaidi ya mara mbili. Na methanoli nyingi iliyopo duniani inatengenezwa kwa gesi au makaa ya mawe. Ukiichoma hiyo hujafanya kitu, umehamisha dohani kutoka baharini hadi kiwandani. Ile safi ipo, ila haitoshi.

Amonia: haina kaboni hata chembe. Ni sumu pia. Nimefanya kazi kwenye chumba ambacho kila siku kuna kiungo kinachovuja tone hapa tone pale, na unafuta kwa tambara unaendelea. Tone la amonia hulifuti kwa tambara. Watakaonirithi nawaombea.

Sasa siasa. Mwaka 2023 nchi wanachama wa IMO zilikubaliana meli zifikie sifuri halisi ya gesi zinazopasha dunia joto ifikapo 2050 au karibu na hapo. Aprili 2025 ukapita mpango wa kuzitoza meli zinazozidi kiwango cha moshi. Oktoba mwaka huohuo walipokutana kuupitisha rasmi, kura ikaahirishwa mwaka mzima, Marekani ikiwa mstari wa mbele kuupinga. Ulaya wenyewe hawakusubiri, tangu 2024 meli zinazoingia bandari zao zinalipia moshi wao.

Kauleni

Nilijua tu tutaishia kwenye kikao kilichoahirishwa.

Binti Dira

Swali la mwisho kaka, halafu nakuacha upumzike. Zikizeeka zinaenda wapi?

Fundi wa Ngama

Nyingi zinaishia fukwe tatu: Alang kule India, Chattogram Bangladesh, Gadani Pakistan. Chuma karibu chote kinayeyushwa na kutumika tena, hilo ni jema. Lakini ndani kuna asbesto, rangi zenye sumu, slaji, na wakataji wanafanya kazi kwenye tope. Mkataba wa Hong Kong wa kuirekebisha kazi hiyo ulipitishwa 2009, umeanza kutumika Juni 2025.

Mimi nimepeleka moja. Mwaka wangu wa mwisho kazini, meli ya umri wa miaka 24. Wiki chache kabla bendera ilibadilishwa, jina likafupishwa kwa kupaka rangi juu ya herufi za mwanzo, maana hakuna anayelipia jina jipya kwa safari moja. Alang bahari inapanda na kushuka kama mita 10, kwa hiyo unasubiri bamvua, maji yakijaa kabisa unaelekeza omo, ile pua ya meli, ufukweni na kukaza injini yote. Nilikuwa chini. Hatukuona kitu, tulisikia mkuku unasugua mchanga, kisha kila kitu kikainama mbele taratibu, vikombe vikateleza mezani. Darajani, kwenye chumba cha nahodha, wakapiga kengele ya kusimamisha. Nikafunga mafuta mwenyewe.

Tulishuka kwa ngazi ya kamba, nikiwa na mfuko mmoja. Silinda zilikuwa bado za moto, na kwenye tangi la slaji tuliacha kina cha sentimita 40 ambacho hakuna aliyekiuliza.

Tanga Moja

Mkuu, na yule mwanao ulimjibu nini?

Fundi wa Ngama

Nimemtumia kiungo cha uzi huu. Kasema ni mrefu.